Mshika Bendera Aliyerudi Kujifunza Rangi

Jumatatu ile Mama Mwalimu Augustine Kyabu alitandika mkeka sakafuni na kuweka juu yake vitu vitatu: kipande cha makaa, konzi ya unga wa muhogo kwenye jani, na ngazi mbivu, tunda la mchikichi, iliyokuwa bado inateleza kwa mafuta. Watoto kumi na wanne walikaa kwenye mabenchi mawili wakimtazama. Darasa lilikuwa stoo ya saruji hapo awali, na mtoto aliyeegemea ukuta alitoka na mgongo wa kijivu, rangi ambayo mwalimu hakuwa amepanga kuifundisha kabla ya mwezi wa sita.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Augustine alitaja rangi, watoto wakakimbia kuigusa, na wa mwisho kufika alitakiwa kutaja kitu kingine cha rangi hiyo.

"Nyeupe!" alisema, na vidole vikazama kwenye unga.

"Meno ya mbuzi," akasema aliyechelewa, na wenzake wakakubali.

Walikuwa wamefika kwenye nyekundu Ézéchias Ngoie alipoingia. Alivua kofia, akainama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akaenda kuketi mwisho wa benchi la nyuma, kando ya binti yake Phébé, mwenye miaka minne. Ézéchias alikuwa amekufa tangu mwezi wa pili. Augustine, aliyeimba kwenye mazishi yake, alimwomba Phébé asogee kidogo ili baba yake apate mahali pa kuweka magoti.

"Baba Phébé, umekuja kuona mutoto?"

"Hapana, Mama Mwalimu. Nimekuja kujifunza langi. Karatasi ya kampuni inasema minyi sijue langi."

"Basi kaa. Tuko kwa nyekundu."

Ézéchias akaenda mkekani nyuma ya watoto, akagusa ngazi kwa kidole kimoja. Kwa kuwa alikuwa wa mwisho, alitakiwa kutaja kitu. Alifikiri kidogo.

"Udongo wa barabara ya Kinkondja, mvua ikiisha kunyesha," akasema.

Watoto wakampigia makofi.

Habari ya ile karatasi ilijulikana kambi nzima. Kampuni ilikuwa na machimbo ya mawe kilomita tisa kutoka stesheni ya Kamina, na treni yake ndogo ya kuyashusha mawe hadi kwenye reli kubwa. Kwenye kona ya chini, mahali ambapo dereva hakuweza kuona mbele, ndipo aliposimama Ézéchias na bendera mbili: nyekundu ya kusimamisha, kijani ya kupitisha. Bendera hizo zilikuwa na umri wa miaka mitano. Jua, mvua na vumbi la mawe vilikuwa vimezichapa hadi zote mbili zikawa na rangi moja, rangi ya mkeka uliochakaa. Ézéchias aliomba mpya mara tatu. Mara ya tatu aliambiwa sanduku liko njiani, linatoka Élisabethville.

Tarehe kumi na moja Februari, mwaka 1954, watu sita walikuwa wakipakia mawe chini ya kona, na treni ikashuka kabla ya saa yake. Ézéchias aliinua nyekundu. Dereva aliona kitambaa, akadhani ni cha kupita, akaachia breki. Ézéchias hakutoka relini. Alipunga, akapiga kelele, akapunga tena, hadi wale sita wakasikia na kuruka kando, na treni ikampata yeye peke yake.

Ripoti ilipigwa chapa na karani Maurice Badibanga, mtu wa Kasai, mpole, ambaye miwani yake ilishikwa na uzi upande mmoja. Maneno yalikuwa ya mkurugenzi, Bwana Verlinde. Yalisema kwamba mshika bendera alichanganya rangi. Yalieleza kwamba Kiluba, lugha ya mama yake, kina maneno matatu tu ya rangi, la cheupe, la cheusi na la chekundu, na kwamba mtu asiye na neno la kijani hawezi kukiona kijani. Kwa hiyo kosa lilikuwa la marehemu, na mjane wake angetoka katika nyumba ya kambi mwisho wa Julai. Na ili jambo kama hilo lisitokee tena, kampuni ingefungua darasa la watoto wadogo, wafundishwe rangi kwa michezo wangali wachanga.

Ndivyo Augustine alivyopata kazi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amelelewa na masista, na hakuna kitu alichokipenda duniani kuliko kufundisha. Kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa darasa lake, na kila asubuhi shukrani hiyo ilimkwama kidogo kooni, kama mwiba wa samaki.

Ézéchias alikuja siku ya pili, na ya tatu, na wiki iliyofuata. Alifika wakati wa kengele na kuondoka king'ora cha saa sita kilipolia, na hakuchelewa hata mara moja. Benchi halikulia alipoketi. Kuku walioingia darasani kutafuta unga walipita katikati ya miguu yake bila kukwepa. Zaidi ya hayo alikuwa mwanafunzi kama wengine, ila hakuchungulia kazi ya jirani.

Augustine alimwandika kwenye daftari la mahudhurio, namba kumi na tano.

Mke wa Ézéchias, Mama Phébé, alisikia habari kwa binti yake na hakuja siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa ameloweka mihogo. Alikuja siku ya pili. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamtazama mumewe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Weye," alisema. "Nilikuzika na shati ya kupiga pasi. Sasa angalia."

Shati lilikuwa na vumbi jekundu mabegani na mgongoni.

"Iko vumbi kule, Mama Phébé," Ézéchias alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizwa mbele za watu.

"Vua."

Akavua. Mama Phébé alilifua pale pale kwenye karai la darasa, kwa sabuni na kipande cha buluu ya kufulia. Watoto waliona maji yakigeuka rangi ya mbingu, na Augustine hakupoteza nafasi hiyo: asubuhi yote wakajifunza buluu. Waliitafuta kambi nzima na kuipata mahali pachache mno: kwenye kitenge cha mama mmoja, kwenye kopo la marashi, kwenye shingo ya mjusi aliyejianika ukutani. Ézéchias, ambaye hakuwa na shati, alitembea mbali zaidi yao, akarudi na unyoya wa ndege mmoja asiyekuwapo katika kambi. Akampa Phébé. Phébé akaupeleka kwa mwalimu kama alivyofundishwa, halafu akauomba tena.

Tangu siku hiyo Mama Phébé alileta sahani ya ugali wa bukari na mboga ya sombe kila siku kabla ya king'ora. Ézéchias aliinusa kwa muda mrefu, akasema aksanti, na sahani ikarudi nyumbani ikiwa imejaa vilevile. Mama Phébé aliwapa majirani. Walisema chakula kile kilikuwa kitamu, lakini kilihitaji chumvi.

Wale watu sita walikuja Jumamosi. Wanne kati yao walikuwa na watoto darasani. Walijipanga nje ya stoo ya saruji, wamevaa makoti ya kanisani. Mkubwa wao, Kisimba, alikuwa ameshika jogoo kwa mabawa.

"Mukubwa Ézéchias," akasema, "siku ile hatukukwambia aksanti. Hukutupatia wakati."

"Hata minyi sikuwa na wakati," Ézéchias akasema.

Kisimba akamkabidhi jogoo Mama Phébé, aliyekuwa amefika na sahani yake. Mwenzake wa nyuma ndiye aliyemalizia.

"Muke wangu alizaa mwezi jana. Mwanaume. Tumemwita Ngoie, jina yako."

Ézéchias akauliza kama mtoto ananyonya vizuri. Akaambiwa ananyonya vizuri sana. Akatikisa kichwa kwa furaha. Wakakaa wote nje hadi jua lilipokuwa utosini, wakiongea habari za mvua.

Kulikuwa na mchezo mmoja ambao Augustine hakuwa ameufundisha. Ulikuwa katika ratiba aliyopewa na kampuni, umepigiwa mstari: mtoto mmoja anashika vitambaa viwili, wengine wanashikana viuno na kuwa treni, kijani kikiinuliwa wanakwenda, nyekundu ikiinuliwa wanasimama. Kila juma aliuruka. Alifundisha manjano kwa punje za mahindi, akafundisha kijani kwa majani ya muhogo yaliyotwangwa, akafungua duka la rangi ambamo watoto walinunua maharage kwa kokoto. Mwezi wa sita ulipofika, Ézéchias aliinua mkono.

"Mama Mwalimu, ule muchezo ya treni. Uko unauficha ju yangu?"

Augustine alikuwa hajui kudanganya wanafunzi. "Ndiyo, baba."

"Usiufiche. Ile njo nilikuja kuifuata."

Basi akachana vitambaa viwili kutoka kwenye mabaki ya fundi cherehani, kimoja chekundu kama pilipili, kingine cha kijani kibichi. Watoto wakatoka uani, wakashikana. Ézéchias aliombwa kuwa mshika bendera, akakataa. Alisema kazi hiyo ameshaifanya. Akamkabidhi Phébé vitambaa, akachuchumaa mbele yake.

"Sikia, mama," alimwambia, kwa maana mtoto huyo alichukua jina la bibi yake na baba yake hakuwahi kumwita vingine. "Ukipandisha nyekundu, pandisha kwa mukono yote. Usipunguze. Na batu baone ao basione, weye usishushe."

Kisha akaenda akasimama katikati ya uwanja, mbele ya treni, akaipa mgongo.

Treni ilianza kwa kelele. Kisimba mdogo, ambaye ndiye alikuwa kichwa, alipuliza mvuke kwa mashavu. Walizunguka stoo mara moja, wakapita kwenye karai, wakaja kwa kasi wakimwelekea Ézéchias. Phébé akainua kitambaa chekundu. Alikiinua kwa mikono miwili, juu kabisa ya kichwa, amesimama kwa vidole vya miguu, na hakukishusha.

Treni ikasimama. Wa nyuma waligonga wa mbele, mmoja akaanguka akacheka, lakini kichwa cha treni kilisimama hatua mbili kutoka kwa Ézéchias, kikivuta pumzi.

Ézéchias hakugeuka upesi. Alipogeuka, aliitazama treni yote, mtoto mmoja mmoja, hadi behewa la mwisho. Kisha akaketi chini vumbini.

"Imesimama," akasema.

"Njo vile," Phébé akamjibu. "Iko nyekundu."

Walicheza mchezo huo mara kumi na moja asubuhi hiyo. Augustine aliwahesabia kutoka mlangoni, na mwiba uliokuwa kooni mwake haukumsumbua siku nzima.

Mtihani ulifanyika mwanzoni mwa Julai. Bwana Verlinde alikuja mwenyewe na suruali yake fupi nyeupe, akiwa na Maurice Badibanga nyuma yake amebeba daftari. Bwana Verlinde hakuwa mtu mkali. Aliwapa watoto pipi kabla ya kuanza, akawauliza polepole, akawasifu. Alionyesha penseli, kitabu, kofia yake, na watoto wakataja rangi kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Alikwenda akifuata benchi bila kuinua macho kutoka kwenye orodha, na alipofika mwisho aliuliza:

"Namba kumi na tano. Hii langi gani?"

"Nyekundu, Bwana."

"Na hii?"

"Langi ya majani. Vert."

"Muzuri sana," alisema Bwana Verlinde, akaweka alama. Maurice, aliyekuwa ameinua macho, alifuta miwani yake kwa shati, akaivaa, akamsalimu Ézéchias kwa kichwa. Ézéchias naye akamsalimu.

Kwa swali la mwisho, mkurugenzi alitoa kutoka mfukoni bendera mbili za kona ya chini, zilezile, kwa maana sanduku la Élisabethville lilikuwa halijafika. Akazitandaza mbele ya watoto.

"Nani anaweza kunionyesha nyekundu?"

Watoto walitazama. Walisogea karibu, wakatazama tena. Walikuwa wamejifunza rangi tisa na hakuna aliyetaka kukosea. Mwishowe Phébé akasema kwa niaba ya wote:

"Bwana, nyekundu haiko. Zote mbili ziko langi ya vumbi."

Bwana Verlinde alizitazama bendera. Alizipeleka dirishani, akazigeuza, akazitazama tena kwa muda. Augustine aliweza kumwona shingo ikiwa nyekundu, wekundu ambao hata mtoto wa mwaka mmoja angeutambua.

"Ile ya kuume," Ézéchias akasema kutoka kwenye benchi, kwa upole wa mtu anayemsaidia mwenzake. "Muke wangu aliishona na uzi mweusi pa pembeni, nisiichanganye. Nilikuwa naijua kwa kidole."

Mkurugenzi alipapasa pindo, akauona uzi. Alizikunja bendera na kuzirudisha mfukoni.

"Kumi na tano wamefaulu, kwa kumi na tano," akamwambia Maurice. "Andika."

Maurice akaandika. Kisha, bila kuinua kalamu, akauliza kama Bwana angependa ripoti ya Februari irekebishwe kidogo, kwa kuwa mhusika amefaulu.

"Ile imekwisha kwenda," alisema Bwana Verlinde. "Faili imefungwa." Akawaaga watoto kwa mkono, akampongeza mwalimu kwa Kifaransa kizuri, akaondoka.

Kila mwanafunzi alipewa cheti cha karatasi ngumu. Cha Ézéchias kiliandikwa na Maurice kwa mwandiko wake bora kabisa, na kwenye jina akaongeza, bila kuambiwa, neno *mshika bendera*. Mama Phébé alikipeleka ofisini siku iliyofuata, amekifunga kwenye kitambaa. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti. Cheti kilisomwa, kikaonekana hakina kasoro, akarudishiwa. Nyumba ilitakiwa wazi mwisho wa Julai, kama ilivyoandikwa.

Wale sita walimjengea nyingine kwa wiki mbili. Waliijenga hatua tisa nje ya uzio wa kambi, matofali mabichi na nyasi mpya, dirisha likitazama stoo ya saruji ili Mama Phébé aweze kumwona mumewe akiingia darasani. Siku ya kuhamia alipika yule jogoo. Ézéchias alikuja baada ya king'ora, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akazunguka nyumba mara moja akipapasa kuta.

"Ni nyumba ya kweli," akasema.

"Tulikuwa na nyumba ya kweli," mkewe akamjibu.

"Ndiyo."

Wakaketi kizingitini, Phébé katikati yao. Augustine, aliyeleta chumvi, alikuwa anaondoka Ézéchias alipomwita.

"Mama Mwalimu, aksanti. Ile karatasi iko mubaya, na itabakia mubaya. Lakini minyi nilikuwa natokaka saa kumi na moja ya asubuhi, narudi mutoto analala. Sasa nimekaa naye miezi mitatu, kila asubuhi. Sikukuwa nayo, ile asubuhi."

Augustine alimjibu kama alivyowajibu wanafunzi wote mwisho wa muhula, kwamba amefanya vizuri na asisahau kurudi.

Kwenye kona ya chini, mshika bendera mpya alipewa bendera za zamani. Akina mama wa kambi walizichukua Jumapili moja, wakazilowesha, moja kwenye unga mwekundu wa mti wa nkula na nyingine kwenye maji ya majani, wakazirudisha zikiwa zinang'aa. Rangi hiyo ilidumu takriban mwezi, kisha wakarudia. Wakaendelea kurudia. Kampuni haikuwauliza.

Darasa lilifunguliwa tena Septemba, na watoto wapya kumi na mmoja. Kwa kuwa alikaa nyumba mpya, Phébé hakuwa tena mtoto wa kambi, lakini Maurice alipekua kanuni akakuta kwamba ndugu wa mwanafunzi aliyeandikishwa anaruhusiwa, na Ézéchias alikuwa ameandikishwa. Ézéchias mwenyewe aliulizwa kama angependa kupanda darasa la kwanza, kule misioni. Alisema angerudia mwaka.

Siku ya tatu ya muhula, watoto wakiwa wanaimba, watu watatu wengine walisimama mlangoni, kofia mkononi. Augustine hakuwafahamu, lakini kuku walipita katikati ya miguu yao bila kukwepa. Mmoja alikuwa analowa, maji yakimdondoka kwenye mikono, na alijitambulisha kuwa mtu wa Mulongo, wa kivuko. Wa pili alitoka kwenye daraja. Wa tatu alikuwa mzee, na ndiye aliyewasemea.

"Tulisikia kuko masomo hapa. Karatasi yangu inasema nilikuwa nimelewa. Maisha yote, mama, sijaonja pombe."

"Yangu inasema nilitoroka kazi," akasema wa darajani.

"Baba zangu, hapa tunafundisha langi tu," Augustine akawaambia kwa masikitiko.

Wakatazamana.

"Haina neno," akasema mzee. "Tutaanza na ile."

Ézéchias akambeba Phébé magotini na kusogea, akawaonyesha mahali. Augustine alilifungua daftari la mahudhurio, akachovya kalamu, akawauliza majina yao, na kila mmoja alipotaja lake mwalimu alimtamkia herufi moja moja, ili asikosee kuliandika.